Dohani ya Bibi Kalicha

Kapteni Zuura Kaldybaeva alivua viatu mlangoni na kuvipanga kando ya vya wenzake. Kabla hajauvuka ukumbi, alikuwa amekwisha kupata jambo la kwanza lisilokaa sawa. Nyumba ilinuka mafuta ya kukaangia.

"Tilek, nani amepika humu?"

"Hakuna, afande. Tangu Ijumaa tulipomtoa bibi, hakuna aliyegusa sufuria. Binti wa bibi anakula kwa jirani, akishashiba anakuja kulalamika hapa."

Sajini Tilek alikuwa mtu wa mwili na wa hakika. Kesi hii alikuwa ameshaifunga kichwani, na ujio wa mkuu wake ulimkera, ingawa alijitahidi kuuficha. Alisimama katikati ya sebule, juu ya zulia, akaanza kueleza kana kwamba anamwelekeza mgeni njia ya sokoni.

Bibi Kalicha alikutwa Ijumaa ameanguka mbele ya jiko la makaa ya mawe, lile la matofali lililojengwa ukutani. Hewa ya makaa ilikuwa imemlevya. Alikuwa peke yake nyumbani, na mpaka sasa yuko hospitali, hajafumbua macho. Aliyemkuta ni mkamwana wake, Nurzat, aliyetoka dukani na mtoto mgongoni. Ndiye aliyemburura hadi uani na kumlaza kwenye theluji, akapiga kelele watu wakaja.

"Na wewe ukamkamata yeye," alisema Zuura.

"Nyumba hii, afande, baridi nzima ya mwaka huu wamegombania joto. Nurzat anataka mashine ya umeme ya kupasha joto. Bibi anataka jiko lake. Mwanamke alimwambia mama mkwe wake mbele ya majirani: 'Apa, jiko hili litakuja kukuua.' Haya, limetaka kumuua. Alama za vidole kwenye kibati cha dohani ni zake. Na Alhamisi aliporudi kutoka kwao alifua taulo lenye masizi. Jirani alimwona akilianika. Wakati huo jiko lilikuwa halijawashwa zaidi ya wiki, masizi ya nini? Kinachobaki ni mwendesha mashtaka kutia sahihi jioni ya leo. Jaribio la kuua."

"Na mtoto?"

"Ananyonya bado. Atabaki kwa shangazi yake, yule binti wa bibi." Tilek alitazama pembeni. Hapo hata yeye hakuwa na hakika nyingi.

Zuura alimjua Nurzat kwa dakika chache tu, asubuhi ile rumande. Msichana mwembamba, kifua kimelowa maziwa, aliyejibu kila swali kwa heshima na kukataa swali moja tu. Alipoulizwa nani aliyewasha jiko, aliinamisha kichwa akasema hajui. Zuura hakumwamini. Ila alichokiona usoni pake kilikuwa aibu, na mwenye hatia mara nyingi huwa na woga. Jambo hilo ndilo lililomleta hapa.

Alikwenda kwenye jiko. Kibati cha dohani, kile cha chuma kinachosukumwa ndani kuzuia moshi na kuvutwa nje kuuachia, kilikuwa kimevutwa.

"Kilikutwa hivi?"

"Hivyo hivyo, wazi. Alikifunga, akatoka, aliporudi akakifungua."

"Halafu akamburura nje yule yule aliyetaka afe."

"Kutuzuga, afande."

Zuura alikisukuma kibati hadi mwisho wake. Kilikwama njiani, kimeliwa na kutu, na kwenye mwanya uliobaki kidole chake cha shahada kilipita bila taabu. Aliinama, akainua sufuria ya chuma iliyokuwa juu ya jiko. Ndani yake mafuta yalikuwa yameganda meupe, na katikati ya mafuta kulikuwa na vimaandazi, upande mmoja vimeiva na upande wa pili vibichi.

"Hii mliiona?"

"Sufuria ya chakula, afande."

"Ni sufuria ya Ijumaa, Tilek. Kwenu hawakaangi?"

Bila shaka kwao Tilek walikaanga. Kila nyumba mtaa huu, siku ya Ijumaa, mtu hukaanga unga kwenye mafuta ili harufu iwafikie marehemu wa nyumba wajue hawajasahauliwa. Alikuwa amelikuta jambo hilo utotoni mwake, akalizoea kiasi cha kutoliona.

Mlango ulifunguliwa kwa kishindo. Aliyeingia alikuwa Syrga, binti mkubwa wa Bibi Kalicha, amemkumbatia mtoto wa Nurzat kifuani, maneno yakimtangulia.

"Bado mnapima sufuria? Muuaji mnaye, mnakuja kunusa mafuta! Mtoto huyu usiku kucha analia, maziwa ya pakiti anayatema. Ningekuwa mimi ndiye polisi..."

"Ungekuwa polisi ungevua viatu, dada Syrga," alisema Zuura.

Syrga alitazama chini. Vipande vya theluji vilikuwa vinayeyuka juu ya zulia la mama yake. Alirudi mlangoni akavua viatu huku akinung'unika, na aliporejea sauti ilikuwa imeshuka kidogo.

"Kaa hapa, tuzungumze taratibu. Mashine ile ukutani imekuwapo tangu lini?"

"Hilo pepo? Ni ya majaribio. Mfanyabiashara mmoja, Suban, aliwaletea. Azret, mdogo wangu, na mkewe wakaishabikia. Nyumba ni ya Azret, yeye ndiye kitinda mimba, ndiye anayebaki na wazazi, kwa hiyo sisi wengine hatuna usemi. Apa, mama yetu, akasema mashine itazamwe kwanza. Ikiwapasha joto wiki mbili bila kuwasha jiko, atakubali jiko libomolewe. Aliahidi mbele ya watu, mkate mkononi, kiapo kisichovunjwa."

"Na Ijumaa ya kwanza ya majaribio alikaanga wapi?"

"Kwenye jiko la umeme, lile la Nurzat."

"Akaridhika?"

Syrga alianza kumtikisa mtoto ingawa mtoto alikuwa ametulia. "Alinipigia simu. Alisema amemwota baba, amekaa juu ya kitanda cha uani, kile tunacholalia kiangazi, anamwambia hajala. Alisema harufu ya umeme haipandi juu, inazunguka ndani ya nyumba tu."

"Wewe ukamwambia nini?"

Nje jirani alikuwa anakwangua theluji kwa koleo.

"Nilimwambia, Apa, washa jiko lako, nyumba ni yako, nani atakukataza? Mtume mkamwana dukani, washa, kaanga, zima. Nani atajua?" Machozi yalimtoka Syrga ghafla, na alikasirika kwamba yanamtoka. "Lakini kuwasha jiko si kosa! Amewasha jiko hilo miaka yote! Kuna mtu alikifunga kile kibati!"

Zuura alimhurumia. Mwanamke huyu alikuwa akimtupia wifi yake mzigo ambao mwenyewe hakuweza kuubeba, na sasa ilieleweka pia kwa nini Nurzat hakujibu lile swali moja. Mkamwana aliyelelewa vizuri hamwaibishi mama mkwe wake mbele ya askari kwa kusema amevunja ahadi aliyoiweka na mkate mkononi.

"Tilek, fungua madirisha yote. Dada Syrga, mpeleke mtoto kwa jirani."

Alikivuta kibati wazi kabisa, akakunja gazeti, akaliweka ndani ya jiko na kuliwasha. Kwa kawaida moshi wa gazeti hunyonywa juu mara moja. Moshi huu ulizunguka, ukasitasita, kisha ukarudi wote sebuleni kupitia mlango wa jiko. Tilek alikohoa hadi macho yakamtoka.

"Kibati kiko wazi!"

"Kiko wazi," alikubali Zuura, akimwagia gazeti maji. "Kwa hiyo mwache Nurzat na kibati chake. Tafuta ngazi."

"Nani atapanda, afande?"

"Aliyeifunga kesi."

Tilek alipanda, akilaumu theluji, ngazi, na mamlaka za juu zilizomwajiri. Bati la paa lililia chini ya uzito wake. Zuura alisimama uani, shingo nyuma, mikono mifukoni. Kila dohani ya mtaa ule ilikuwa nyeusi, na theluji iliyoizunguka imeyeyuka na kuchafuka. Hii moja ilikuwa na kofia nyeupe safi juu yake. Mtu angeweza kuiona kutoka barabarani, na watu wote waliopita barabarani hawakuiona.

"Kuna kitu!" alipiga kelele Tilek. "Kimeshindiliwa! Hakitoki!"

"Vuta."

Kilitoka, kikaangukia theluji. Kilikuwa kipande cha zulia la sufu, kinene kama kidole gumba, kimefungwa ndani ya mfuko wa nailoni na kukunjwa mara mbili. Upande wa juu ulikuwa mkavu. Upande wa chini nailoni ilikuwa imeyeyuka na sufu imeungua.

Tilek alishuka kwa haraka kuliko alivyopanda. Uso wake ulikuwa mwekundu, si kwa baridi tu. "Suban," alisema. "Muuza mashine. Majaribio yakishindwa hauzi kitu. Aliziba joto lisitoke, apate sifa. Nikamlete?"

"Mlete kwa adabu."

Suban alikuja na begi la picha za mashine, na alipoona kapteni ni mwanamke anayeonekana kuwa na nyumba yake mwenyewe, alijisahau akaanza biashara. Zuura alimwacha. Mtu anayependa kusema humwambia mpelelezi mengi kabla hajaulizwa.

"Waliangalia kila kitu, kapteni, sikuwasukuma. Boila ya makaa: joto zuri, lakini majivu, na moshi huu unaouona mji mzima. Gesi: bomba halijafika mtaa wao. Radieta ya umeme: unaipa kipimo kimoja cha umeme, inakupa kipimo kimoja cha joto, basi. Hii yangu unaipa kimoja inakupa vitatu."

"Vitatu inavitoa wapi?"

"Nje. Haitengenezi joto, inalichota nje na kulileta ndani. Kiangazi inageuza kazi, inachota joto la ndani na kulitupa nje, mnalala kama mko milimani."

"Nje kuna theluji."

"Joto lipo hata kwenye theluji, kapteni, ni dogo tu. Baridi ikikaza sana vitatu vinakuwa viwili, sikuficha. Bibi Kalicha aliniuliza, 'Kijana, unaniuzia hewa ya nje? Ninayo uani, bure.'" Alicheka, kisha akakumbuka bibi yuko wapi, kicheko kikamfia. "Nilimpenda yule bibi. Alinipa chai huku ananitukana."

"Mashine ilifanyaje kazi?"

"Mwanzoni vibaya. Jumanne nilipita, inanguruma na nyumba bado baridi. Nyumba hii inavuja, kapteni. Mashine bora haisaidii nyumba inayovuja, hilo nawaambia wateja wote kabla ya yote. Nilimwonyesha Azret: madirisha, chini ya mlango, na hilo lidohani, linanyonya hewa ya moto mchana na usiku hata jiko likiwa limezimwa. Nikasema mfunge kibati. Akasema tutaona la kufanya."

"Ulipanda paani?"

"Mimi?" Suban alikunja suruali, akaonyesha goti lililoshonwa. "Ngazi ya kitanda cha watoto inanishinda. Mashine tuliifunga ukutani kwa chini, muulize yeyote. Na Alhamisi asubuhi nilipita tena. Nyumba moto, mashine inazunguka polepole kama haipo. Nikasema, Azret, umefanya kazi nzuri. Nilidhani amebadilisha madirisha."

Alipoondoka, Tilek alimgeukia mkuu wake, na kwa mara ya kwanza siku ile aliuliza badala ya kusema. "Kati ya Jumanne na Alhamisi asubuhi. Nurzat alikuwa kwao?"

"Wewe ndiye uliyeandika kwamba alirudi Alhamisi jioni."

"Na lile taulo..."

"Alilikuta chafu, akalifua. Mkamwana akirudi nyumbani hufua anachokikuta."

Zuura alikuwa ameshika kile kipande cha sufu, akitembea nacho chumba hadi chumba kama fundi anayetafuta mahali pa kigae. Alipakuta ukumbini. Juu ya benchi la kuvalia viatu kulikuwa na zulia la zamani lenye nakshi za pembe za kondoo, nyekundu na nyeusi, na upande wa ukutani, ambako jicho haliendi, kona ilikuwa haipo. Alikiweka kipande mahali pake. Pembe nyekundu ilikutana na pembe nyekundu. Ukingo ulikatwa kwa mkato mmoja, mrefu, usiotikisika. Jikoni kulikuwa na mkasi mmoja tu, na ulikuwa butu hata kwa karatasi.

"Mume wa Nurzat anafanya kazi gani?" aliuliza, ingawa alijua.

"Kiwanda cha nguo," alisema Tilek polepole. "Mkataji vitambaa."

Azret aliporudi kutoka kazini alikuta chai mezani, dada yake upande mmoja, sajini upande wa pili, na mwanamke asiyemfahamu akimkaribisha katika nyumba yake mwenyewe. Alikuwa kijana mrefu, nadhifu, macho yamevimba kwa kukosa usingizi. Alisalimia vizuri. Alikaa. Ndipo alipoona kipande cha sufu katikati ya meza, kati ya mkate na jamu.

Zuura hakumwuliza kama ni yeye. "Niambie kwa nini paani, Azret, wakati kibati kiko ndani."

"Kibati kimeoza," alisema Azret. Alisema haraka, kama mtu aliyekuwa akilirudia jibu hilo peke yake. "Hakizibi. Jumatano nilipanda. Zilibaki siku chache tu majaribio yaishe, na Apa kila asubuhi anaamka amevaa koti, ananiambia hii mashine yako inapasha joto ndege. Nilitaka ashindwe... nilitaka aone. Kiangazi asilale uani tena na kifua chake. Aliahidi hatawasha! Aliahidi na mkate mkononi, Apa wangu hajawahi kuvunja ahadi!"

"Hukumwambia mtu."

"Angesema nimedanganya majaribio."

Syrga alisimama. Zuura alidhani atampiga, lakini alishika ukingo wa meza tu. "Nami nikamwambia awashe," alisema. "Mimi na wewe, Azret. Nimemwita mke wako muuaji mtaa mzima, na wewe umekaa hapa unaninywea chai!"

"Nilidhani Apa ataamka. Ataamka aseme ni ajali, wamwachie Nurzat, yaishe bila..."

"Kuziba dohani ni uzembe, sheria itautazama," alisema Zuura. "Kunyamaza mkeo akiwa rumande, hilo sijui hata nikuandikie kifungu gani." Hasira aliyokuwa nayo ilikuwa halisi na hakuona haja ya kuificha. "Tilek, mpigie mwendesha mashtaka. Kisha nenda kamlete Nurzat. Wewe mwenyewe, na umwombe radhi njiani."

Simu ya hospitali iliita kabla gari halijarudi. Bibi Kalicha alikuwa amefumbua macho. Alikuwa mzito wa maneno, alisema daktari, ila alikuwa ameuliza swali moja, kama vimaandazi viliungua. Syrga alicheka na kulia kwa pamoja, akafunika uso kwa kitambaa chake.

Nurzat aliingia, akavua viatu, akavipanga. Alimchukua mtoto kutoka kwa wifi yake, akaketi ukumbini juu ya benchi, akageukia ukuta na kumnyonyesha. Sebuleni hakuna aliyethubutu kusogea. Mashine ukutani ilikuwa inapuliza taratibu, na nyumba ilikuwa na joto.

Mtoto aliposhiba, Azret alikwenda hadi mlango wa ukumbi. "Nurzat, nilikuwa nataka kusema. Wallahi kila asubuhi nilikuwa nataka kusema."

"Najua." Alikuwa akimfunga mtoto mgongoni. "Nilipolifua lile taulo sikuelewa. Rumande nilielewa. Nilijua ni wewe, nikajua hukukusudia. Kwa hiyo nikasubiri. Kila mlango ulipofunguliwa nilisema, huyo, Azret amekuja kusema." Alivaa viatu. "Kapteni, hospitali mtanipitisha? Apa anahitaji mtu wa kumnywesha."

"Gari linakusubiri."

"Nije nawe," alisema Azret.

"Wewe panda ukafagie dohani, masizi yasibaki. Ijumaa Apa akiwa na nguvu atakaanga, na atakaanga kwenye jiko lake. Nyinyi mtafungua madirisha." Alimtazama kwa mara ya kwanza tangu aingie. "Na mashine msiizime. Ni mashine nzuri, haina kosa. Apa akirudi nyumba iwe na joto."

"Na wewe utarudi lini?"

Nurzat alifungua mlango, na baridi ya uani ikaingia yote kwa pamoja.

"Funga mlango, Azret," alisema akiwa tayari nje. "Joto linatoka."